Eksirei ya bega: picha moja ya mbele haitoshi (uzi mrefu, karibuni kwa maswali)

Fundi wa Mionzi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Maswali ya bega yamekuwa mengi humu na karibu yote yanafanana. Mmoja kapiga picha, kaambiwa mifupa iko salama, lakini mkono hauinuki. Mwingine kaambiwa mifupa inasagana, sasa halali akidhani ndio mwisho wa mkono wake. Kazi yangu ni kupiga eksirei za mifupa, na katika viungo vyote bega ndilo ninaloliona likipimwa haraka haraka kuliko linavyostahili. Nimeona niandike kwa kirefu. Mwenye swali aulize, mwenye la kuongeza aongeze.

Nianze na lile ambalo ningependa kila mmoja aondoke nalo hata asiposoma zaidi: bega lililopigwa picha moja tu, ya kutokea mbele, bado halijapimwa.

Sababu iko kwenye umbile lenyewe. Kiungo kikubwa cha bega ni pale kichwa cha mfupa wa mkono wa juu kinapokutana na kisahani cha kombe la bega (ule mfupa bapa wa nyuma ya bega). Kichwa ni kikubwa, kisahani ni kidogo na hakina kina. Ni mpira uliokalishwa kwenye sahani ya chai. Ndiyo maana mkono unazunguka kila upande, na ndiyo maana bega huteguka kuliko kiungo kingine chochote kikubwa mwilini. Juu yake kuna kiungo kidogo, mtulinga (mfupa unaotoka juu ya kifua kwenda begani) unapokutana na ncha ya kombe inayoitwa akromioni. Chini ya akromioni kuna upenyo mwembamba ambamo hupita kano, zile kamba zinazounganisha misuli na mfupa, zinazokishika kichwa cha mfupa kisichezecheze.

Sasa eksirei ni kivuli. Kila kilichosimama kwenye njia ya mionzi kinalala juu ya mwenzake kwenye bapa moja. Kichwa cha mfupa kikisogea nyuma ya kisahani, anayetazama kutokea mbele anaweza kukiona kama kiko palepale. Ndiyo maana tunafundishwa mapema kabisa: mfupa upigwe angalau kwa pande mbili zinazopishana nyuzi 90. Kwenye kifundo cha mguu kanuni hii inafuatwa bila mjadala. Kwenye bega mgonjwa ana maumivu, mkono haupanuki, foleni ni ndefu, basi inapigwa ya mbele, na ya pili ni ileile ya mbele mkono ukiwa umezungushwa kidogo. Hizo ni picha mbili za upande mmoja.

Hata hiyo ya mbele ina namna yake. Kombe la bega halikulala sambamba na kifua. Limeegemea mbavu kwa mshazari, kwa hiyo kisahani chake kinatazama pembeni na mbele kidogo. Ukimsimamisha mtu kifua kikiikabili mashine moja kwa moja, kichwa cha mfupa kinakifunika kisahani na huoni kitu katikati. Mimi humgeuza mgonjwa nyuzi 35 hadi 45 kuelekea upande unaouma, hadi kombe la upande ule lilale bapa kwenye kibao cha picha. Kingo ya mbele na ya nyuma ya kisahani zinakuwa mstari mmoja, na kati ya kisahani na kichwa unafunguka mstari mweusi, safi. Mkao huu unaitwa wa Grashey. Mstari ule mweusi ndipo lilipo gegedu, tabaka laini linalofunika ncha za mifupa: halionekani kwa eksirei, kwa hiyo mahali lilipo panaonekana uwazi. Gegedu likilika, mstari unakonda. Bila kumgeuza mgonjwa, mtu anaweza kuambiwa mifupa yake inasagana kumbe ni kivuli tu kimelaliana.

Kisha kuna za ubavuni. Ya kwanza inaitwa picha ya Y: mionzi inapita ikifuata ubapa wa kombe, nalo linajichora kama herufi Y. Kichwa cha mfupa kinatakiwa kukaa pale matawi yanapokutana. Kikiwa mbele ya makutano, au nyuma, kimetoka. Ya pili ni ya kwapani: mkono unapanuliwa kidogo, mionzi inapita kwapani, na hapo mbele ni mbele, nyuma ni nyuma, hakuna ubishi. Kwangu ya kwapani ndiyo yenye ukweli mwingi kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Kile kiungo kidogo cha mtulinga kina picha yake pia. Mionzi inainuliwa nyuzi 10 hadi 15 kwenda juu na nguvu inapunguzwa karibu nusu, maana eneo lile ni jembamba na mionzi ya kawaida hulifuta likawa jeusi tupu. Mtu aliyeanguka kwa ncha ya bega, akawa na uvimbe uliosimama pale juu, ahakikishe kiungo hiki kimetazamwa chenyewe.

Nimalizie hapo kwanza.

---

Kaka Mkubwa

Mkuu, asante sana. Hili la picha ya mbele limenigusa. Mdogo wangu ana kifafa. Alianguka na kifafa usiku, asubuhi mkono wa kulia ukawa umeng'ang'ania tumboni. Tukampeleka, akapigwa picha, tukaambiwa hakuna mfupa uliovunjika. Kapewa dawa za maumivu na mazoezi. Sasa anaambiwa bega limeganda. Kila akijaribu kuzungusha mkono uende nje, kama anafungua mlango, hauendi kabisa. Ni kawaida hiyo?

---

Fundi wa Mionzi

Kaka Mkubwa, pole sana kwa mdogo wako. Naomba usilichukulie hili kuwa la kusubiri wiki ijayo. Mrudishe, na uombe kwa jina: picha ya kwapani.

Mabega mengi yanayoteguka, kama 95 kati ya 100, hutoka kwa mbele. Hayo hata mtu asiye daktari huyaona, bega linapoteza uduara wake. Lakini 2 hadi 4 kati ya 100 hutoka kwa nyuma, na hayo yana sababu zake maalumu: kifafa, kupigwa na umeme, au ajali ya nguvu. Wakati wa kifafa misuli yote inakazwa kwa pamoja, na ile inayozungusha mkono kuja ndani ina nguvu kuliko inayoupeleka nje. Inashinda, inakisukuma kichwa nyuma, na mara nyingi ukingo wa kisahani unajichimbia kwenye kichwa, bega linajifunga hapo. Mkono unabaki umegeukia ndani. Kuupeleka nje haiwezekani, kwa sababu ni mfupa kwa mfupa.

Kwenye picha ya mbele bega hilo linaweza kuonekana karibu salama. Dalili zipo kwa anayezitafuta. Kwa sababu mkono umegeukia ndani, kichwa cha mfupa kinapoteza ule upogo wake wa kawaida na kuwa cha mviringo uliolingana pande zote. Tunaita alama ya balbu. Nafasi kati ya kichwa na kisahani nayo inakuwa pana kuliko kawaida. Lakini macho yaliyochoka huyapita haya. Vitabu vya mifupa vinasema karibu nusu ya mabega ya namna hii hukosekana kwenye uchunguzi wa kwanza.

Linalonisikitisha zaidi ni kwamba bega lililoganda, yaani lililokakamaa bila mfupa kutoka mahali pake, nalo huzuia mkono kwenda nje. Anayepima kwa mikono peke yake ataona ugumu uleule. Kinachotenganisha ni picha: la kuganda picha yake ni safi pande zote, la kuteguka nyuma picha ya kwapani inalifichua papo hapo. Kumfanyisha mtu mazoezi ya kunyoosha bega lililotoka ni kumtesa na kuzidi kuchimba mfupa.

Kama hawezi kupanua mkono, usikubali kuambiwa picha haiwezekani. Kuna mkao wa Velpeau: mgonjwa anabaki na mkono umefungwa kifuani, anaegemea nyuma juu ya kibao kama nyuzi 30, mionzi inatoka juu kwenda chini. Mkono hausogezwi hata kidogo. Hata hiyo ikishindikana, CT (picha za mionzi za vipande vipande kwa kompyuta) inatoa jibu.

---

Dada wa Viungo

Habari zenu. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo, na nakubaliana na mwanzisha uzi kuhusu bega lililotoka nyuma. Mgonjwa yeyote aliyeletwa kwangu kama "bega limeganda" baada ya kifafa au kupigwa na umeme, simgusi kabla sijaona picha ya kwapani.

Lakini naomba niweke upande wa pili. Watu wengi wenye maumivu ya bega hawahitaji eksirei siku ya kwanza. Mtu hakuanguka, hana homa, hajakonda, hana historia ya saratani, mkono unauma tu akiuinua kati ya kiunoni na sikioni. Huyo tatizo lake mara nyingi ni kano, na eksirei haioni kano. Anapigwa picha, anaambiwa "kuna vinundu vya mfupa", anaogopa, anaacha kuutumia mkono, na kuacha kuutumia ndiko kunakomharibia. Nimepokea watu wa miaka 60 waliokuwa wakifanya shughuli zao vizuri, karatasi ya majibu ndiyo iliyowalaza.

---

Fundi wa Mionzi

Dada, umesema kweli na nakushukuru. Picha bila swali ni hasara. Ukiniletea mgonjwa na fomu imeandikwa "maumivu ya bega" basi, nitapiga za kawaida. Ukiandika "kaanguka, mkono hauzunguki nje, kutazama kuteguka kwa nyuma", najua ni mkao gani usiokosekana, na daktari wa mionzi naye anajua jicho lake alipeleke wapi. Maneno yale machache kwenye fomu yana thamani kuliko mashine mpya.

Kwa hiyo nani apigwe mapema? Aliyeanguka au kupata ajali. Mwenye bega lililobadilika umbo. Mwenye homa pamoja na kiungo cha moto kilichovimba (hapo eksirei ni mwanzo tu, kwa sababu uambukizi kwenye mfupa huchukua siku 10 hadi 14 kabla ya kuanza kuonekana, picha safi ya siku ya tatu haimwondolei mtu shaka). Mwenye historia ya saratani. Kijana mwenye maumivu ya usiku yasiyoisha na uvimbe sehemu ya juu ya mkono, maana sehemu ile, baada ya goti, ni miongoni mwa mahali ambapo saratani ya mfupa ya vijana hupenda kuanzia. Na aliyefanya mazoezi kwa wiki kadhaa bila nafuu.

Kuhusu kano, nakubali hazionekani, ila huacha nyayo. Kati ya kichwa cha mfupa na akromioni iliyo juu yake kuna upenyo ambao kwa kawaida ni milimita 7 au zaidi. Kano za juu zikikatika zikaachwa muda mrefu, hakuna tena cha kukizuia kichwa, kinapanda. Upenyo ukishuka chini ya 7 kwenye picha iliyopigwa sawasawa, hapo tunashuku mchaniko mkubwa wa zamani. Mchaniko mpya, au mdogo, haubadilishi chochote kwenye picha. Altrasaundi (picha ya mawimbi ya sauti) au MRI (picha ya sumaku) ndizo zitakazouona. Kwa hiyo mtu aliyenyanyua mzigo, akasikia kitu kimekatika, mkono ukaanguka, asirudishwe nyumbani kwa sababu tu "eksirei iko safi".

---

Mjukuu wa Bibi

Shikamooni wakubwa. Bibi yangu ana miaka 78, aliteleza akaanguka akijikinga kwa mkono. Mkono mzima hadi kiwiko umekuwa mweusi, tukapata hofu kubwa. Picha imeonyesha mfupa umevunjika vipande vinne karibu na bega. Daktari kasema hamfanyii upasuaji, kamfunga mkono shingoni na kusema arudi baada ya wiki moja apigwe picha tena. Ndugu wamegawanyika, wengine wanasema ametelekezwa kwa sababu ni mzee. Mnasemaje?

---

Fundi wa Mionzi

Marahaba mjukuu, mpe bibi pole nyingi.

Weusi ule ni damu iliyovuja kutoka kwenye mfupa ikashuka chini ya ngozi kufuata mvutano wa ardhi. Unatisha macho lakini wenyewe si hatari, utageuka kijani, manjano, utaisha.

Kuhusu vipande: tunapohesabu hapo, hatuhesabu nyufa. Mpango unaotumika zaidi ni wa Charles Neer, daktari wa mifupa wa Marekani, wa mwaka 1970. Kipande kinahesabiwa kuwa "sehemu" pale tu kinapokuwa kimehama zaidi ya sentimita 1 au kimepinda zaidi ya nyuzi 45. Picha inaweza kuonyesha mistari minne ya kuvunjika na bado mfupa ukahesabiwa kuwa sehemu moja, kwa sababu hakuna kilichohama. Muulize daktari swali hilohilo: vimehama, au vimekaa mahali pake?

Hata vilivyohama kwa wazee, kutopasua si kutelekeza. Uingereza walifanya utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2015, watu 250 waliovunjika sehemu hii mifupa ikiwa imehama. Nusu wakapasuliwa, nusu wakafungwa mkono shingoni. Baada ya miaka 2 matumizi ya mkono kwa makundi hayo mawili hayakuwa na tofauti ya maana. Kuna wanaohitaji upasuaji kweli, hasa kichwa kikipasuka au kikitoka kwenye kisahani. Uamuzi ni wa daktari aliyemwona. Lakini hiyo picha ya wiki moja msiikose kabisa. Ndiyo inayoonyesha kama vipande vimesogea baada ya uvimbe kupungua.

Mara nyingine kwenye picha ya kwanza kichwa kinaonekana kimeshuka chini kidogo ya kisahani, na watu wanaita kuteguka. Mara nyingi ni damu iliyojaa kwenye kiungo na misuli iliyolegea kwa maumivu. Hurudi yenyewe, haivutwi.

Na jambo ambalo familia nyingi husahau: mzee akianguka kutoka kimo chake mwenyewe na mfupa ukavunjika, mara nyingi mfupa huo ulikuwa umekonda. Eksirei ya kawaida haionyeshi ukondefu mpaka karibu theluthi ya madini imeshapotea. Ombeni bibi apimwe wingi wa madini kwenye mifupa na apewe dawa zake, kwa sababu mfupa unaofuata kuvunjika ukiwa wa nyonga, hali ni nzito zaidi.

---

Mjukuu wa Bibi

Nimemsomea bibi na mama mdogo jibu lote. Tumempigia daktari, kasema vipande vimekaa vizuri isipokuwa kimoja kimesogea kidogo. Nyumba imetulia. Asante sana.

---

Mlinda Lango

Mimi bega langu la kushoto linatoka kila mara. Wenzangu uwanjani wanalirudisha, nimezoea. Picha ya mwisho ilisema kuna shimo kwenye kichwa cha mfupa. Shimo limetoka wapi?

---

Fundi wa Mionzi

Mdogo wangu, tafadhali wakatalie wenzako kulivuta. Mshipa wa fahamu unaozunguka shingo ya mfupa ule uko karibu mno. Ukivutwa vibaya unapata ganzi ya nje ya bega na misuli inakonda. Na siku bega likitoka likiwa na ufa shingoni mwa mfupa, mvuto wa uwanjani unaweza kuuvunja kabisa. Ndiyo maana hospitali hupiga picha, huligusa bega kupima ganzi, hulirudisha, kisha hupiga tena na kupima tena.

Shimo limetokana na huko kutoka. Kila kichwa kinapotoka kwa mbele, sehemu yake ya nyuma inagongwa na ukingo mgumu wa kisahani. Linaitwa dosari ya Hill-Sachs. Harold Hill na Maurice Sachs, madaktari wa eksirei wa Marekani, ndio walioliandika mwaka 1940. Linaonekana vizuri mkono ukizungushwa ndani, au kwa mkao wa Stryker, ambapo unaweka kiganja juu ya kichwa kiwiko kikielekea juu. Shimo lina mwenzake: ukingo wa mbele wa kisahani, nao hubanduka, wakati mwingine pamoja na kipande cha mfupa. Hiyo ni dosari ya Bankart, na ndiyo inayofanya mlango ubaki wazi. Sehemu laini ya ukingo huo eksirei haiioni. Nenda ukafanyiwe MRI au CT kabla hasara ya mfupa haijakuwa kubwa. Wanaoteguka wakiwa vijana ndio wanaorudiwa zaidi, na hali haiponi kwa kuzoea.

---

Mwalimu Mstaafu

Mimi lilinianza usiku, maumivu ambayo sijawahi kuyapata, hata shuka ikigusa bega nashtuka. Sikuanguka. Eksirei ikaonyesha chokaa kwenye bega. Je, niache vyakula vyenye madini ya chokaa? Na hiyo chokaa itanigeuza jiwe?

---

Dada wa Viungo

Mwalimu, shikamoo. Nijibu mimi hili. Hapana, haitokani na chakula, usiache chochote. Kalisi, yaani hiyo chokaa, hujikusanya ndani ya kano ya juu ya bega, hasa kwa watu wa miaka 30 hadi 60, na wanawake zaidi kidogo. Inaweza kukaa humo kimya muda mrefu. Maumivu makali kama hayo yako huja mara nyingi pale mwili unapoanza kuinyonya na kuiondoa. Kwa hiyo usiku huo mbaya, kwa wengi, ni dalili kwamba inaanza kuisha.

---

Fundi wa Mionzi

Dada kamaliza. Niongeze upande wa picha tu. Hii ni moja ya hali chache za kano ambazo eksirei inaziona vizuri. Kikiwa kimetulia, kibonge cha kalisi kinaonekana cheupe chenye mpaka mkali. Kikiwa kinanyonywa kinakuwa kama wingu, mipaka imefifia. Picha ikipigwa tena baada ya muda, mara nyingi kimepungua au hakipo kabisa. Kisipoondoka na kikiendelea kusumbua, kuna njia ya kukitoboa kwa sindano kwa kuongozwa na altrasaundi na kukisafisha.

---

Fundi wa Mionzi

Kuna waliouliza faraghani, najibu hapa kwa faida ya wote.

Mionzi: eksirei ya bega hutoa kiasi cha milisiveti 0.01 (milisiveti ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini). Mionzi ya asili, ya ardhini, ya anga na ya ndani ya miili yetu, kwa wastani wa dunia ni milisiveti 2.4 kwa mwaka. Kwa hiyo picha moja ya bega ni sawa na siku moja au mbili za kuishi tu. Usikatae picha ya kwapani kwa kuogopa mionzi. Mjamzito amwambie mpigaji, hiyo ni lazima; lakini bega liko mbali na tumbo, na kinachofika kwa mtoto ni kidogo mno. Bega lililovunjika halisubiri kujifungua.

Mtoto ambaye picha yake ina "mstari": juu ya mfupa wa mkono wa watoto kuna bamba la ukuaji, la gegedu, na kwa kuwa limepinda kama paa, kwenye picha hutoa mistari miwili inayofanana sana na ufa. Hufunga ujana unapoelekea kuisha. Daktari akiwa na shaka anaweza kuomba bega la pili lilinganishwe. Lakini kijana anayerusha mipira kwa nguvu kila siku, bega likauma, na bamba likaonekana limepanuka kuliko la upande wa pili, huyo apumzishwe kurusha.

Mwenye selimundu, au aliyetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, bega likiuma ndani kwa ndani na picha ikawa safi, asitosheke. Kichwa cha mfupa kinaweza kuwa kinakosa damu na kufa polepole, na eksirei ya mwanzo haioni lolote. MRI huliona mapema. Eksirei ikianza kuonyesha mstari mweusi wa mwezi mchanga chini ya uso wa kichwa, maana yake uso umeshaanza kubomoka.

Na hili la mwisho nalisema kwa uzito. Picha ya bega inabeba pia kipande cha pafu, pale juu kabisa. Mtu anayevuta sigara, maumivu yake yanaanzia begani yanashuka ndani ya mkono hadi kidole kidogo, pengine kope la upande huo limelegea: tatizo linaweza lisiwe la bega kabisa. Saratani ya ncha ya pafu huja hivyo. Henry Pancoast, mtaalamu wa eksirei wa Marekani, aliieleza tangu miaka ya 1920, na hadi leo wagonjwa hawa wanakandwa mabega miezi na miezi. Anayesoma picha ya bega asiikate kona ile. Mimi nikipiga, pafu la juu lazima liwe ndani ya fremu.

---

Kaka Mkubwa

Nimerudi. Tulimpeleka mdogo wangu sehemu nyingine, nikaomba picha ya kwapani kama ulivyosema. Kichwa cha mfupa kiko nyuma ya kisahani. Daktari wa mifupa kasema kimejichimbia, wanafanya CT kesho kupima shimo lina ukubwa gani ndipo waamue. Wamesimamisha mazoezi yote. Tatizo moja: ile picha ya kwanza tumepewa karatasi ya majibu tu. Hawa wapya wanaiulizia. Nifanyeje?

---

Fundi wa Mionzi

Hongera kwa kutochoka, Kaka Mkubwa. Umemfanyia mdogo wako jambo kubwa.

Rudi ulikopigia ile ya kwanza ukaombe picha zenyewe, siyo karatasi. Kama ni za kompyuta wakupe kwenye diski, pamoja na tarehe. Kuipiga picha skrini kwa simu kunapoteza mengi. Daktari anaitaka kwa sababu anahitaji kujua bega limekaa nje kwa muda gani na shimo lilikuwa na ukubwa gani mwanzoni. Lililotoka siku chache huweza kurudishwa kwa kulazwa usingizi bila kupasua. Likikaa muda mrefu, au shimo likiwa kubwa, upasuaji unakuwa hauepukiki.

Na kabla ya CT waambie mambo mawili. Moja, dawa zake za kifafa anazotumia na mara ya mwisho alipoanguka, maana kifafa kisipodhibitiwa bega litatoka tena hata likishonwa vizuri namna gani. Pili, waulize kama bega la kushoto nalo limepigwa. Kifafa hukaza pande zote mbili, na yapo mabega yanayotoka yote kwa usiku mmoja huku kila mtu akitazama lile linalouma zaidi.

---

Kaka Mkubwa

La kushoto halijapigwa. Naenda kuwaambia sasa hivi.